Pasaka Thelujini: Piga Hesabu Kabla ya Kufunga Mizigo

Huenda ukacheka, msomaji mpendwa, nikikuambia kwamba leo nataka tuzungumze juu ya kuwapeleka watoto kuteleza thelujini wakati wa likizo ya Pasaka. Utaniuliza kama bei ya unga imeshuka. La, haijashuka. Lakini wengi wetu siku hizi tuna ndugu Ulaya, na ndugu huyo akishapata kazi na nyumba, mwaliko huja. Ukija kabla hujajua lolote, utakubali kwa furaha kisha ulie baadaye.

Wa kwangu ulikuja mwishoni mwa 2023. Dada yangu mkubwa ni muuguzi mjini Innsbruck, katika milima ya Austria. Alikuwa hajatia mguu nyumbani tangu 2015. Baba alipozikwa 2017, karatasi zake za ukaazi zilikuwa hazijakamilika, akayafuata mazishi kwa simu. Wanawe wawili hawakuwa wamewahi kumwona nyanya yao uso kwa uso. Basi akapiga simu: "Njooni Pasaka, na mama mje naye. Nitawapeleka wanangu thelujini."

Nilikuwa na akiba ya chama ya miaka mitatu. Mume wangu alikuwa na mpango mwingine na akiba hiyo, yaani kuiezeka nyumba yetu ya mashambani ambayo kuta zake zilikuwa zimenyeshewa misimu miwili. Sikuweza kumlaumu. Tulinuniana majuma mawili, tukila mezani kama abiria wa matatu moja. Mwishowe yeye mwenyewe ndiye aliyetoa suluhisho: abaki, nauli yake inunue mabati, nami niende na watoto wawili na mama. Ukiona mambo yamefika hapo nyumbani kwako, usikimbilie kuamua usiku.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kalenda. Pasaka haina tarehe maalumu, kwani huangukia Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kuanzia Machi 21, kwa hiyo yaweza kuwa mapema Machi 22 au kuchelewa hadi Aprili 25. Mwaka 2024 iliangukia Machi 31. Watoto wa dada walikuwa likizoni hadi Aprili 1, na shule zetu zilifunga Aprili 5. Tungefika wenyeji wakirudi darasani! Bahati nzuri tuligundua kabla ya kulipa nauli, tukaahirisha hadi 2025, ambapo Pasaka ilikuwa Aprili 20. Likizo ya wale ilianza Aprili 12, na yetu ilikuwa imeanza juma moja mbele. Ikiwa unapanga kwa miaka ijayo, ya 2027 ni Machi 28, na ya 2028 ni Aprili 16. Weka kalenda ya shule ya huku na ya kule mezani pamoja kabla ya jambo lingine lolote.

Lakini Pasaka ikichelewa huleta tatizo la pili, nalo ni theluji yenyewe. Kule Aprili ni majira ya kuchipua. Bondeni nyasi ni za kijani kama za Limuru, na vituo vingi vya milima mifupi huwa vimekwisha kufungwa. Anayekwenda wakati huo sharti atafute mahali pa juu. Watu wenye fedha huenda Zermatt, Uswisi, ambako mtu huteleza hadi karibu mita 3,900, au Val Thorens, Ufaransa, mji uliojengwa mita 2,300 juu ya bahari, takriban sawa na Nyahururu. Sisi tulikwenda Hintertux, si mbali na kwa dada, kwa sababu kule kuna barafu ya kudumu mlimani na watu huteleza mwaka mzima. Kijiji kiko mita 1,500 hivi, chini kidogo ya Nairobi, na kilele cha kutelezea ni mita 3,250.

Wala usidhani Aprili ni mwezi wa upole. Siku chache kabla ya Pasaka hiyo ya 2025, theluji ilianguka kwa wingi magharibi mwa milima ya Alps hata Zermatt ikakatika barabara, reli na umeme, na huko Tignes watu wakaamriwa wasitoke nje kwa hofu ya maporomoko. Kwa hiyo usinunue tikiti ya ndege ya kurudi inayokufikisha Nairobi usiku wa kuamkia siku ya kufungua shule. Acha siku mbili.

Viza ndiyo iliyotunyima usingizi. Kwa nchi za Schengen maombi hupokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasipungue siku 15. Mtu mzima alilipa yuro 90, mtoto wa miaka 6 hadi chini ya 12 yuro 45, na fedha hizo hazirudi ukinyimwa. Bima ya safari lazima ifikie angalau yuro 30,000. Hapa soma maandishi madogo, maana bima nyingi za kawaida hazigharamii ajali ya kuteleza thelujini, na aliyevunjika mguu mlimani huenda akateremshwa kwa helikopta. Uliza wazi, ujibiwe kwa maandishi. Kwa kuwa baba yao hakusafiri, tulihitaji barua yake ya kukubali watoto watoke nchini, pamoja na vyeti vyao vya kuzaliwa. Nami nilikuwa nimekipoteza cha kitinda mimba. Kukipata kingine kulichukua muda mrefu kuliko viza. Dada naye alikwenda polisi kule kutia sahihi hati ya kutudhamini. Mama aliposikia neno polisi alitaka safari ivunjwe kabisa, tukamweleza kwamba kule ndiyo desturi, hakuna aliyekamatwa.

Mavazi yasikutishe. Dada alitutumia bei za madukani, nikazifunga nisizione tena. Nilidamka Jumamosi moja nikaenda Gikomba, kisha nikamalizia Toi. Majaketi na suruali za thelujini zimejaa katika mitumba na wateja wake ni wachache, kwani nani atazivaa Nairobi? Nunua kubwa kidogo ili sweta iingie ndani. Kagua zipu, na umwagie kitambaa maji uone kama yanapenya. Ndani mtoto asivae fulana ya pamba, kwa sababu jasho huilowesha ikamgandia mwilini kwa baridi. Avae sufu au zile za kukimbilia. Soksi ni jozi moja nzito, si mbili, kwani mbili hukunjana ndani ya kiatu na kumchubua. Glavu chukua jozi mbili kwa kila mtoto, moja itapotea. Viatu, vibao, fimbo na helmeti hukodishwa huko huko, usihangaike kununua. Na helmeti si pambo: Italia imewalazimisha watelezaji wote kuivaa tangu Novemba 2025.

Kitu ambacho sikukizingatia ni jua. Mimi nilidhani mafuta ya kukinga jua ni ya wazungu wa pwani. Theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya miale inayochoma, kwa hivyo jua hukupiga kutoka juu na kutoka chini. Jioni ya kwanza kifungua mimba wangu, mwenye miaka 11, alikuwa ameungua chini ya kidevu na ndani ya matundu ya pua, akalala akilia. Usidanganywe kwamba ngozi nyeusi haiungui. Mpake mtoto kila baada ya saa mbili, midomo pia, na asivue miwani hata kwa ajili ya picha.

Sasa kuhusu kuteleza kwenyewe. Usimfundishe mwanao wewe, wala usimwachie binamu yake aliyezaliwa kule. Lipia mwalimu wa watoto kwa nusu siku, siku tatu za kwanza. Hata wa miaka minne hupokewa. Huanzia uwanja tambarare wenye mkanda unaowapandisha polepole, na wa kwangu kufikia siku ya tatu waliteremka njia ya buluu bila kushikwa. Austria njia rahisi ni za buluu, kisha nyekundu, kisha nyeusi. Ufaransa kuna za kijani pia kwa wanaoanza. Msitoke nje ya njia zilizowekewa alama, hata mkiona nyayo za wengine. Aprili kazi ni ya asubuhi. Saa tatu theluji ni ngumu, saa tano imelainika vizuri, na ikifika saa nane imekuwa uji, vibao vinazama na magoti yanapindika. Ni wakati wa kurudi kula.

Watu wa kule walitushangaa kidogo, lakini si sana. Wanamjua Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, aliyeiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya majira ya baridi ya 2018 huko Pyeongchang. Wazee wanamkumbuka Philip Boit, aliyemaliza wa mwisho katika kilomita 10 huko Nagano 1998, na bingwa Bjørn Dæhlie akamngoja kwenye utepe ili amkumbatie. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Mwalimu wa watoto wangu aliwasimulia kisa hicho kila walipoanguka, nao walianguka mara nyingi.

Mama ana miaka 68 na shinikizo la damu. Daktari wake wa Nairobi alimruhusu, ila alimwonya asipande juu kwa haraka wala asisahau dawa. Kwa hiyo hakufika kileleni. Alipanda kwa kibanda kinachoning'inia kwenye waya hadi kituo cha mita 2,660, amefumba macho na kunishika mkono hadi ukafa ganzi. Hapo pana baraza yenye viti juani. Akajifunga leso juu ya jaketi la Gikomba, akaagiza chai, akasikitika kwamba imeletwa bila maziwa. Wajukuu wake wa Austria wakaketi kila upande. Kiswahili chao ni cha kuokoteza, naye Kijerumani hajui hata neno moja. Niliwaacha nikaenda kuanguka na wengine. Niliporudi baada ya saa mbili alikuwa anawafundisha kuhesabu kwa vidole, wamefika hamsini na tatu, na dada amesimama pembeni amewapa mgongo, anajifuta uso kwa glavu.

Kama ndugu yako hayuko Ulaya na watoto wanalilia theluji, fikiria Lesotho. Kuna kituo cha Afriski katika milima ya Maluti, zaidi ya mita 3,000. Baridi yao ni Juni hadi Agosti, kwa hiyo huko si kwa Pasaka, ni kwa likizo ya Agosti.

Nyumba ya mashambani imeezekwa upande mmoja. Majaketi nimeyafua na kuyahifadhi, moja la miaka 11, moja la miaka 7. Jirani mmoja amekwisha kuyaulizia. Lile la mama halikodishwi, analivaa kwenda kukama ng'ombe.