Bunduki ya Mchezoni na Bunduki ya Turkana

Wazazi wenzetu, wana wetu hubishana sana iwapo bunduki ya mchezoni ndiyo ile ile ya vitani. Na baba zao nao hawako mbali. Ubishi huo una msingi. Mchezo wa Battlefield 1, uliotoka mwaka 2016, umejaa bunduki za kumimina risasi mfululizo, ilhali askari wengi wa vita vya 1914 hadi 1918 walivuta komeo kwa mkono kila walipofyatua. Huku kwetu Afrika Mashariki, askari wengi wa jeshi la Wajerumani walianza vita na bunduki za mwaka 1871, ambazo moshi wake uliwafichua walipojificha.

Turkana, swali la aina na mwaka halina nafasi. Idi Amin alipopinduliwa mwaka 1979, ghala la silaha la Moroto, ng'ambo ya mpaka, liliporwa, na wizi wa mifugo ukazidi kuwa wa risasi. Kambi ya Kakuma, kaskazini-magharibi ya Lodwar, ilianza mwaka 1992 kwa kuwapokea wavulana waliokimbia vita vya Sudan kwa miguu. Michezo hii huchonga kila skrubu ya mtutu kwa uaminifu, lakini aliyepigwa huinuka akaanza upya. Hapo ndipo tunapoona uongo wake mkubwa.

Lual Mayen, aliyelelewa katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, alibuni mchezo akauita Salaam. Mchezaji ndiye mkimbizi, naye hutafuta chakula, maji na dawa.