Tunaogopa tochi, korongo hatuliogopi

Leo nipo barabara ya Morogoro. Kimara hadi Kibaha, kilometa 19.2, imepanuliwa kuwa njia nane, na masuka wetu wameipokea kama uwanja wa ndege. Raha tupu! Ila ukitaka kuwajua vizuri, kaa siti ya mbele. Basi linalokuja likipiga taa mara mbili, ujue mbele kuna trafiki na tochi. Hapo suka anakuwa mpole kama bwana harusi, 50 kamili. Akishavuka tu, moto!

Jamani, kile kibao cha 50 penye makazi hakikuwekwa kwa ajili ya faini. Mwendo ukitoka 50 kwenda 100, nguvu ya kugonga haiwi mara mbili, inakuwa mara nne. Na mtoto anayevuka hana taa za kumpigia suka.

Kinachoniudhi zaidi ni zile kingo za chuma kwenye kona na madaraja. Kazi yake ni kupinda, zipunguze kishindo na kuirudisha gari barabarani. Ukiendelea na safari ya Iringa, pale mlima Kitonga, chungulia dirishani ndipo utajua thamani yake. Halafu kuna jamaa anakuja usiku na spana, anafungua, anakwenda kuuza kwa kilo kama chuma chakavu. Mnunuzi naye anajua kabisa alichopima, ila kimya! Na Krismasi ikifika, wote wawili wanapanda basi kwenda kwao, kwa barabara ile ile.