Nani anayejuta katika barua ya Kiingereza?

Barua za Kiingereza za kumwarifu mtu kwamba amekosa kazi au mkopo hupenda kuanza na neno "regretfully", kisha koma, kisha habari yenyewe: maombi yako hayakufanikiwa. Kosa liko hapo mwanzoni. Kielezi hicho humhusu mwenye majuto moyoni. Asipotajwa katika sentensi, majuto huyaangukia maombi, na karatasi haina moyo wa kujuta. Neno lililotakiwa ni "regrettably", ambalo hulihukumu tukio lenyewe kuwa la kusikitisha. Na pale ambapo ofisi ndiyo iliyoamua, ni bora zaidi ijitaje: "we regret". Kiswahili nacho hutofautisha, kwani anayesema "nasikitika" amejitaja, na anayesema "inasikitisha" amelitaja jambo.

Wapo watakaosema lugha hubadilika, na ushahidi wanao. Shirika la habari la Associated Press, ambalo mwongozo wake hufuatwa na vyumba vingi vya habari Marekani, lilipinga kwa muda mrefu kuandika "hopefully" kwa maana ya "inatarajiwa", likaja kulegeza kamba mwaka 2012. Hoja ni nzito, ila mifano hailingani. "Hopefully" ilijaza pengo, maana Kiingereza hakikuwa na kielezi kingine cha kazi hiyo. "Regrettably" ipo tayari, hivyo kuichanganya na mwenzake ni kupoteza tofauti bila kupata chochote.

Wengine huukwepa mtego kwa kuandika "unfortunately". Kisarufi wako salama, lakini neno hilo huisingizia bahati. Mvua ikikata barabara, sawa. Kamati ikikaa, ikajadili, ikamnyima mtu kazi, bahati imeingiaje hapo? Anayeona huu ni ukali wa walimu wa sarufi tu, kwamba msomaji ataelewa vyovyote vile, na awatazame wanasiasa wanavyoyapima maneno haya. Tarehe 6 Juni 2013, William Hague, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, alipotoa tamko bungeni kuhusu mateso ya wakati wa uasi wa Mau Mau nchini Kenya, alisema serikali yake "sincerely regrets" kwamba yalitokea. Majuto yakapata mwenyewe, kielezi kikayakoleza, na katika tamko hilohilo dhima ya kisheria ikakanushwa. Kwa kuwa mwenye kujuta alitajwa, Mkenya aliweza kumuuliza: unajuta vipi usichokubali kuwajibika nacho? Tamko lingeanza na "unfortunately", asingekuwapo wa kuulizwa.