*TAARIFA KWA WANACHAMA WOTE WA TAWI: MCHANGO WA BARABARA UGAWANYWE KWA HAKI*

Ndugu wanachama,

Jumapili saa 4 asubuhi ni mkutano mkuu wa mtaa. Ajenda kubwa ni mchango wa barabara yetu: kuchimba mfereji, kuweka kalavati na kumwaga kifusi. Makadirio ni shilingi 12,000,000. Pendekezo lililopo mezani ni kila kiwanja, katika viwanja 40, kilipe 300,000. Asiyelipa asipewe barua ya utambulisho.

*Tawi linaunga mkono barabara. Tawi linapinga mgawanyo huu.*

Wanasema kulipa sawa ndiyo usawa. Hivi kweli nyumba ya vyumba vitatu iliyojibana kwenye mita 10 ni sawa na godauni lenye mita 60 za ukuta, ambalo malori yake ndiyo yanayochimba mashimo kila siku? Kifusi cha mbele ya godauni ni mara sita ya kile cha mbele ya nyumba ile. Mama muuza vitumbua anaambiwa amlipie mwenye malori, halafu anaitwa mpinga maendeleo akiuliza!

Hata kodi ya majengo tunayokatwa kwenye LUKU haitozwi hivyo. Tangu 2023 nyumba ya kawaida ni 1,500 kwa mwezi, na ghorofa ni 7,500 kwa kila sakafu. Serikali inatambua tofauti ya jengo na jengo. Mtaa unashindwaje?

*Tunapendekeza hivi:*

1. Nusu ya gharama, yaani 6,000,000, igawanywe sawa kwa viwanja vyote 40. Kila kiwanja 150,000, kwa kuwa wote tunapita na wote tunataka gari la wagonjwa lifike.

2. Nusu nyingine igawanywe kwa mita za kiwanja zinazotazama barabara. Pande zote mbili zina mita 800, hivyo kila mita ni 7,500. Mwenye mita 10 atalipa jumla ya 225,000. Mwenye mita 60 atalipa 600,000. Nyumba za ndani zisizogusa barabara zitaishia 150,000.

3. Kiwanja cha kona kihesabiwe upande ulio kwenye barabara hii tu. Ule mwingine utasubiri zamu ya barabara yake.

4. *Alipe mwenye kiwanja, si mpangaji.* Barabara ikitengenezwa, kinachopanda thamani ni kiwanja. Mpangaji akichangia leo, kesho atapandishiwa kodi kwa barabara aliyoijenga mwenyewe. Kwenye LUKU tumeona jinsi kodi ya mwenye nyumba inavyoangukia kwa anayenunua umeme. Tusirudie hapa.

5. Wazee na wajane walipe kwa awamu. Barua ya utambulisho ni haki ya mkazi, isigeuzwe fimbo ya kudai mchango.

6. Fedha ziingie benki, kila mtu apewe risiti, na mapato na matumizi yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtaa.

Wapo majirani wa mlimani wanaosema mfereji hauwahusu kwa sababu kwao hakujai maji. Tuwajibu kwa heshima: maji yanayoingia vyumbani kwa watu wa bondeni yanatoka kwenye mabati na nyua zenu. Anayeleta maji naye achangie njia ya kuyapitisha.

Wapo pia wanaosema tusitoe hata senti, kwa kuwa tangu 2021 kila lita ya mafuta imeongezwa shilingi 100 kwa ajili ya barabara za TARURA. Hoja hiyo ina uzito, na diwani ataulizwa Jumapili hiyo hiyo. Lakini mvua haitusubiri. Tudai chetu TARURA huku tukichimba mfereji, na mhandisi wao aje kupima kabla jembe halijagusa ardhi.

*Maagizo:* kila mwanachama afike mapema na aje na jirani mmoja, hasa mpangaji. Mkutano mkuu wa mtaa ni wa wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea, si wa wenye nyumba peke yao. Pimeni mita za viwanja vyenu kabla ya kuja. Ongeeni kwa hoja, bila matusi. Mkikaa nyumbani, 300,000 itapitishwa kwa makofi ya watu kumi.

Tafadhali sambaza kwa wanachama wenzako.

*Imetolewa na Uongozi wa Tawi*