Mafuta Hayaondoi Chumvi

Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Neno hilo lina maana kubwa kwa mwenye bunduki ya shabaha, kwa kuwa mitutu mingi huharibika kabla haijachakazwa na risasi. Adui hukaa ndani yake, au huwa ni mkono wa yule anayeisafisha.

Mfano mwema ni bunduki ya Lee-Enfield, yenye tundu la inchi 0.303, iliyoanza kutumiwa na jeshi la Uingereza mwaka 1895. Ndiyo waliyoichukua askari wa King's African Rifles walipopigana katika mvua kali za Burma mwaka 1944, mahali ambapo uzembe wa siku moja ulitosha kuleta kutu, na askari mwenye bunduki mbovu aliuhatarisha uhai wake na wa wenziwe.

Katika kitako cha risasi mna fataki ndogo iwashayo baruti. Fataki za zamani zilitiwa kloreti ya potasiamu. Ikilipuka, kloreti hiyo hugeuka kuwa kloridi ya potasiamu, nayo ni chumvi iliyo ndugu ya chumvi ya mezani. Chumvi hiyo huganda ndani ya mtutu, huvuta unyevu wa hewani, na kutu huanza. Mtu akipaka mafuta peke yake, mtutu hung'aa machoni, lakini chumvi hubaki chini ya mafuta ikiendelea na kazi yake. Baadaye mwenyewe huyalaumu mafuta, ambayo hayana kosa, kwa kuwa mafuta hayayeyushi chumvi. Kiyeyushacho chumvi ni maji. Kwa sababu hiyo jeshi lilifundisha kumimina maji yanayochemka kwa faneli kutoka nyuma ya mtutu. Chuma kilichopata moto hukauka upesi; kisha hupitishwa kitambaa kikavu, na mwisho mafuta kidogo ya kukilinda.

Risasi nyingi za siku hizi hazina kloreti hiyo, lakini akiba za zamani za majeshi zingali zikipigwa na wapendao bunduki za kale. Asiye na hakika na risasi zake hapati hasara kwa kutumia maji.

Uchafu wa pili ni shaba inayotoka kwenye ganda la nje la risasi na kushika katika mifereji ya ndani. Ikizidi, risasi hutawanyika ubaoni hata kama mpigaji ni hodari. Hapo maji hayafai kitu, wala mafuta. Inatakiwa dawa yenye amonia, ambayo hukipaka kitambaa rangi ya buluu inapoila shaba. Dawa hiyo hutumiwa kwa burashi ya nailoni, kwa maana burashi ya shaba nayo huliwa, na rangi hiyo humdanganya msafishaji. Isiachwe ndani kupita muda ulioandikwa chupani, na dirisha liwe wazi, kwa sababu mvuke wake ni mkali. Burashi ya shaba hufaa kwa masizi ya baruti, pamoja na dawa yake.

Hata dawa njema haimsaidii mtu mwenye njia mbaya. Kwanza huhakikisha kwamba bunduki haina risasi. Kisha ufito ulionyoka, uliopanguswa mchanga, huingizwa kutoka nyuma kuelekea mdomoni, ukipitia bomba la kuuongoza ili usisugue kuta. Ukingo wa mdomo ndio unaoiaga risasi. Ukikwaruzwa upande mmoja, risasi huenda kombo.

Lee-Enfield ilibeba kamba ya kuvutia kitambaa ndani ya kitako chake cha mti. Kamba hiyo ilipaswa kuvutwa sawasawa na mtutu. Ilipovutwa upande, pamoja na vumbi lililoishika, ilichimba mfereji mdomoni mwa chuma. Bandu bandu huisha gogo.

Basi, kabla ya kununua chupa yoyote, mwenye bunduki hujiuliza anataka kuondoa nini. Chumvi dawa yake ni maji, shaba ni amonia, na mafuta ni ya kulinda kilichokwisha kusafishwa. Hata mafuta hayo yapanguswe mtutuni kabla ya kwenda tena kupiga shabaha.