Maneno Matamu Hayachimbi Ngoro

Wanachuo wenzangu, kila UE inapokaribia simu zetu hujaa maneno. "Amini unaweza." "Usikate tamaa." Utayakuta kwenye status, kwenye magrupu ya kozi, na hata ukumbini. Mhamasishaji anashika maiki, tunapiga makofi, tunatoka tukijiona tayari ni mawaziri. Kesho yake desa liko palepale, halijafunguliwa.

Siwacheki. Mimi mwenyewe ni mteja. Mwaka wa kwanza nilipopata sapu mbili, nilijaza daftari zima nukuu za watu mashuhuri. Nikazisoma nukuu kuliko nilivyosoma takwimu. Sapu moja nikaivuka, nyingine nikaibeba hadi mwaka wa pili.

Kilichonitikisa ni mazoezi ya kufundisha. Nilipangiwa shule moja ya kata huku kwetu Ruvuma, kando ya Ziwa Nyasa. Kidato cha pili kulikuwa na kijana aliyesinzia kila kipindi, na kwenye jaribio la hisabati alipata 4 kati ya 100. Nikamwita pembeni nikamwaga hotuba yote niliyoijua: elimu ni ufunguo, ndoto, kesho yako. Akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nimekuelewa, mwalimu. Ila hizi za kutafuta x, sijazielewa tangu kidato cha kwanza."

Baadaye nikajua kwamba usiku wa giza huwa anaingia ziwani na mjomba wake kuvua dagaa kwa taa, apate hela ya madaftari. Jamani, mtu anayekesha kwenye mtumbwi na asubuhi akaja shule, mimi nimtie moyo gani? Moyo anao kunizidi. Alichokosa ni mtu wa kumwonyesha alipokwama.

Tukaanza upya, maswali matatu kila mapumziko. Badala ya kumwandikia "jitahidi", nikamwandikia: "Mistari miwili ya kwanza ni sahihi. Wa tatu umesahau alama ya kutoa." Siku ya kwanza alilitazama sentensi hilo kwa muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi siku ya hotuba. Naondoka, alikuwa amepata 31. Bado ni kufeli, najua. Lakini alikuwa hasinzii tena kwenye kipindi changu, na maswali alikuwa anayadai mwenyewe.

Sisi wa Elimu tunasoma habari za kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Maneno matatu tu, lakini watu wapatao milioni 2 walishiriki na vyoo vikachimbwa vijijini nchi nzima. Je, ni utamu wa maneno? Hapana. Nyuma ya kaulimbiu ile kulikuwa na vipindi vya redio, vitabu vya kusoma, vikundi vya kusikiliza vyenye viongozi waliofundishwa, na kazi ya kufanya kikundi kikishajadili. Neno lilikuja na jembe.

Bibi yangu wa Mbinga hajawahi kumsikia mhamasishaji. Shamba lake liko kwenye mteremko ambao mgeni akiuona anauliza mnalimaje hapa. Wamatengo tunalima kwa ngoro: nyasi hufyekwa na kulazwa miraba miraba, zikikauka hufukiwa kwa udongo wa katikati, na katikati hapo panabaki shimo la kushika maji ya mvua. Nikiwa mdogo nililia nilipoona mlima mzima unatusubiri. Bibi akasema, "Baba, usiangalie juu. Maliza hili shimo." Hilo nalo ni neno la kutia moyo, tena zito. Tofauti ni kwamba alilisema huku ameshika jembe pembeni yangu.

Kuna atakayenijibu kwamba neno jema limewahi kumzuia mtu asiache chuo. Ni kweli, nami nisingebisha. Mtu aliyevunjika moyo anahitaji kwanza kusikia kwamba yupo anayemjali. Hoja yangu ni kwamba tusiishie hapo, maana anayetiwa moyo kila siku bila kuelekezwa mwisho hujiona yeye ndiye mbovu.

Kwa hiyo naiomba serikali yetu ya wanafunzi: kabla ya kuita mhamasishaji mwingine, tuandae orodha ya waliofaulu kozi ngumu na wako tayari kukaa na wenye sapu, saa moja mara mbili kwa wiki. Madarasa jioni yapo matupu. Na wewe msomaji, rafiki yako akikwambia amechoka, kabla ya kumtumia "utaweza tu", muulize: umekwama wapi?

Ile ya takwimu niliyoibeba niliivuka mwaka wa pili. Rumeti wangu aliniuliza swali hilohilo, akavuta kiti.