Asiye na Waifai Nyumbani Naye ni Raia

Kila mwaka dirisha la maombi ya mikopo ya elimu ya juu linapofunguliwa Tanzania, steshenari hufurika. Iwe Sinza jijini Dar es Salaam, iwe Mwanjelwa kule Mbeya, hali ni ileile: kompyuta mbili, printa moja inayokwama karatasi, benchi la mbao, na vijana wenye bahasha za kaki zilizobeba cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na barua ya serikali ya mtaa. Karibu kila mmoja ana simu janja mfukoni. Lakini maombi yanataka fomu ijazwe mtandaoni, ichapishwe, isainiwe, igongwe mhuri, iskaniwe, kisha ipandishwe tena kwenye mfumo. Kazi hiyo haimaliziki kwa simu yenye kioo kilichopasuka na bando la shilingi mia tano. Mwenye kompyuta na waifai nyumbani huimaliza sebuleni baada ya chakula cha jioni. Asiye navyo hulipa nauli, hulipa kujaziwa fomu, hulipa kila ukurasa unaochapishwa, na mfumo ukizidiwa siku hiyo, anarudi kesho kwa nauli nyingine.

Gharama hiyo ya ziada haijaandikwa kwenye tangazo lolote la serikali, wala hakuna bunge lililoipitisha. Hata hivyo inatozwa, na inatozwa kwa walewale ambao mkopo wenyewe umekusudiwa kuwasaidia.

Kwa wengi wa Afrika Mashariki, kuishi bila intaneti nyumbani hakumaanishi kuishi mbali na mtandao. Watu wapo mtandaoni, ila intaneti wanainunua kidogokidogo, kama mafuta ya kula ya kupimiwa dukani. Na kama ilivyo kwa mafuta, anayenunua kwa kibaba ndiye anayelipa bei kubwa zaidi kwa kila kipimo. MB za kifurushi cha siku huwa ghali kuliko za kifurushi cha mwezi, na za mwezi huwa ghali kuliko za laini ya faiba ambayo familia nzima inaitumia bila kuhesabu. Tena mafuta yakibaki leo yatakaangia kesho. Bando la saa 24 lililobaki hupotea, ingawa limelipiwa.

Takwimu zinasaidia kuona ukubwa wa jambo hili. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilikuta kwamba kati ya watu wenye umri wa miaka mitatu na zaidi, waliokuwa wakitumia intaneti walikuwa asilimia 22.6, na hiyo ni nchi inayosifiwa duniani kwa teknolojia ya simu. Shirika la Mawasiliano la Kimataifa, ITU, lilikadiria kuwa mwaka 2024 watumiaji wa intaneti duniani walifika asilimia 68 ya watu wote, lakini barani Afrika walikuwa asilimia 38 tu. Hesabu hizo zinamweka kundi moja mwenye faiba sebuleni na anayewasha data mara mbili kwa siku ili asome ujumbe wa mwalimu wa darasa la mtoto wake. Wote wawili wanahesabiwa kuwa wameunganishwa.

Anayeishi kwa bando si mtu asiyejua teknolojia. Mara nyingi anaijua kuliko mwenye waifai, kwa sababu kila kosa linamgharimu. Amezuia picha na video zisijipakue zenyewe. Anazima data mara tu ujumbe ukiingia. Anajua ni ofisi gani mlinzi wake hana neno mtu akikaa nje ya ukuta kunasa mtandao. Wanafunzi wa vyuo wanalijua vizuri bando la usiku: wanaweka kengele ya saa nane, wanaamka, wanapakua mihadhara na makala, wanalala tena saa kumi na moja alfajiri, na saa mbili asubuhi wako darasani macho mekundu. Juhudi hizo zinastahili heshima. Lakini ukizitazama kwa makini, ni saa za usingizi na za kazi zinazokatwa kwa vijana ambao tayari wana vichache.

Bei nayo ni jambo linalowagusa watu kuliko watunga sera wanavyodhani. Tarehe 2 Aprili 2021 Watanzania waliamka na kukuta vifurushi vimepanda chini ya utaratibu mpya. Kelele zilizopigwa zilikuwa kubwa kiasi kwamba Serikali iliagiza utaratibu huo usitishwe na bei za awali zirudi. Nchini Uganda, kuanzia Julai 2018, mtu alitakiwa kulipa shilingi 200 za Uganda kila siku ili tu aruhusiwe kutumia mitandao kama WhatsApp na Facebook, mbali na fedha za bando lenyewe. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2021, ikaletwa nyingine ya asilimia 12 kwenye data. Kwa mwenye kipato cha kutwa, shilingi 200 kila siku zilikuwa uamuzi wa kila siku, asubuhi, kabla ya kujua kama kibarua kingepatikana.

Kinachouma zaidi ni kwamba ukanda huu ulishaonyesha dunia namna ya kumhudumia mtu asiye na intaneti. M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007, na Tanzania mwaka uliofuata, haikumtaka mteja awe na simu janja wala data. Ilifanya kazi kwenye simu ya kitochi, ile ambayo Wakenya wanaiita mulika mwizi. Leo namba zinazoanza na nyota na kuishia na alama ya reli zinanunua umeme wa LUKU, zinalipa ada na zinaangalia salio, bila hata MB moja kuunguzwa. Serikali ya Tanzania ina namba yake, *152*00#, ambayo kupitia kwake mzazi aliyeko kijijini anaweza kupata matokeo ya mtihani ya mtoto wake. Kenya ilipobadili mfumo wa bima ya afya Oktoba 2024, wananchi waliweza kujisajili kwa *147# pamoja na njia ya mtandao. Mfumo wa malipo ya serikali wa Tanzania ulioanza mwaka 2017 unampa mlipaji kontroo namba, naye anailipia kwa simu yoyote akiwa popote, risiti inaingia kama ujumbe mfupi. Huo ni ubunifu mzuri, na ulifanywa na watu waliomfikiria mlipaji mwenye kitochi kabla ya kumfikiria mwenye kompyuta.

Baadhi ya mifumo iliyofuata imesahau somo hilo. Tovuti ya maombi ya kazi inakataa faili kwa sababu ni kubwa kidogo kuliko ilivyoruhusiwa, na namna ya kulipunguza mwombaji aijue mwenyewe. Fomu ndefu ikikatika katikati, anaanza upya. Ukurasa wa kwanza una picha kubwa za viongozi zinazojipakua kabla ya kisanduku cha kuingilia kuonekana, na MB zinazoungua hapo ni za mwananchi. Mwisho wa kupokea maombi huwekwa saa sita usiku, wakati steshenari zimeshafungwa tangu saa mbili.

Kuna hatari nyingine inayozungumzwa kidogo. Kijana anapojaziwa fomu steshenari, hufunguliwa barua pepe papo hapo na mhudumu, ambaye ndiye anayechagua nywila. Nywila hiyo huandikwa kwenye daftari la kaunta, chini ya majina ya wateja wengine, kwa nia njema kabisa, maana mteja akirudi baada ya miezi mitatu hatakuwa anaikumbuka. Kwenye kompyuta hiyohiyo hubaki nakala za kitambulisho chake cha taifa, vyeti na picha za pasipoti, zikiwa wazi kwa yeyote atakayekaa kwenye kiti hicho. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Tanzania ilitunga ya kwake mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Sheria hizo ni nzuri, lakini ulinzi wake hauwezi kumfikia mtu aliyelazimika kukabidhi maisha yake yote kwa mtu wa kaunta ili aombe kazi ya serikali. Mhudumu wa steshenari hana kosa. Anafanya kazi ambayo ofisi ya umma iliiacha barabarani.

Wanaotetea huduma za mtandaoni wana hoja, na ni hoja nzito. Nani anataka kurudi kwenye foleni za tangu alfajiri, faili lililopotea, na karani anayesema njoo kesho mpaka apewe kitu kidogo? Kenya ilipozindua Gava Mkononi mwishoni mwa Juni 2023 na kutangaza kuwa huduma zaidi ya 5,000 zinapatikana kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, wengi walifurahi kwa sababu hiyo hasa. Hakuna mwenye akili timamu anayeililia rushwa ya dirishani. Lakini mwezi mmoja tu baadaye, mfumo huohuo ulishambuliwa na wadukuzi. Maombi ya pasipoti, leseni na viza yakasuasua, na serikali ikalazimika kutangaza kuwa wageni watapewa viza wanapowasili. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na intaneti ikadorora Tanzania na nchi jirani. Siku kama hizo hata mwenye faiba anajikuta hana njia nyingine. Dirisha lenye mtu na namba ya simu isiyohitaji data vinamkinga na yeye pia.

Wakati wa korona ukosefu wa intaneti nyumbani uliwafika watoto. Shule zilipofungwa Machi 2020, masomo yalihamia kwenye Zoom kwa shule chache za ada kubwa, na kwa walio wengi yalihamia redioni na kwenye televisheni, au hayakuhamia popote. Julai 2020 Kenya ilianza kupata intaneti kutoka kwenye maputo ya kampuni ya Loon yaliyoelea juu angani. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima. Januari 2021 kampuni mama ikatangaza kuufunga mradi huo, na maputo yakashushwa. Uganda shule hazikufunguka kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022, karibu miaka miwili. Watoto waliokosa hata redio nyumbani katika muda huo bado wanalipia pengo lile leo, na hakuna anayepaswa kulisahau.

Inatia moyo kuona kwamba wapo wasiosubiri. Kibera, Nairobi, taasisi ya Tunapanda imejenga mtandao wa jamii unaounganisha shule na vituo vya vijana. Kondoa, mkoani Dodoma, nako kumekuwa na mtandao wa jamii. Setilaiti za Starlink zimeruhusiwa Rwanda na Kenya tangu 2023, ingawa kufikia Novemba 2024 kampuni hiyo ilikuwa imesimamisha wateja wapya Nairobi kwa sababu uwezo wake ulikuwa umejaa. Hata hivyo, mpangaji wa chumba kimoja Mbagala, Dar es Salaam, au Mukuru, Nairobi, anayehama kodi ikipanda, hatavutiwa waya wa faiba kesho wala keshokutwa. Kampuni huvuta waya panapolipa. Kwa miaka mingi ijayo bando ndilo litakalokuwa intaneti ya nyumbani kwake, na mipango ya umma haina budi kuanzia hapo.

Yanayotakiwa kufanywa hayahitaji teknolojia mpya. Kila huduma ya lazima iwe na namba ya nyota inayoweza kuikamilisha, au angalau kuianza na kuifuatilia. Tovuti za serikali zisikate bando la anayezifungua. Fomu ihifadhi kilichojazwa hata mtandao ukikatika, na ikubali picha iliyopigwa kwa simu ya kawaida. Muda wa mwisho uwe saa za kazi, kukiwa na mtu wa kupokea simu. Muhimu kuliko yote, pawe na mahali pa umma penye kompyuta, skana na mtumishi aliyekula kiapo cha kutunza siri, ambapo mwananchi anasaidiwa bure. Kenya ina vituo vya huduma za serikali vya Huduma Centre tangu 2013, na imeahidi kituo cha kidijitali katika kila wadi, wadi zote 1,450. Tanzania ina ofisi za posta, maktaba za mikoa na ofisi za kata. Majengo yapo tayari.

Fedha nazo zina pa kuanzia. Tanzania ina Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006, na Kenya ina Mfuko wa Huduma kwa Wote. Kampuni za mawasiliano huchangia mifuko hiyo ili huduma ifike kusikovutia biashara, na sehemu kubwa ya kazi yake imekuwa kusaidia kujenga minara vijijini. Kazi hiyo iendelee. Lakini mnara humfikishia mwananchi mawimbi tu, na fomu bado inamsubiri. Wabunge wa Dodoma na wa Nairobi watakapokaa kupitisha bajeti ya wizara inayohusika na mawasiliano, waitake itenge fungu la kuwalipa watumishi na kununua vifaa vya kuwahudumia wasio na intaneti nyumbani katika kila kata na kila wadi, na wasiipitishe bajeti hiyo bila fungu hilo.